Mafundo ya Mkono wa Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na cherehani imepata mkanda mpya. Mimi mwili mzima, ila nimechoka mpaka kope zinauma.

Wale madaktari wa kujitolea walikuja tena kwa wiki moja, na wanafunzi wao sita. Tulipasua ngiri themanini na tatu kwenye vitanda viwili. Wakubwa walikata, kushona ngozi waliachiwa wanafunzi, mimi nikiwasimamia. Mmoja, binti mpole, tulimbandika jina la Bibi Samahani, maana alimwomba radhi hata mgonjwa aliyekwisha kulala kwa dawa. Siku moja aliiomba radhi ndoo.

Waliondoka Jumamosi na picha zao. Wao huondoka, nyuzi tunabaki nazo sisi. Siku ya nane akarudi mama mmoja muuza mitumba, mshono umeachia, usaha unatoka. Ilibidi afunguliwe upya. Sasa anaendelea vizuri, ila wiki tatu hajafungua kibanda. Mganga mkuu wetu alitazama fomu, akakuta jina la Bibi Samahani, akawaandikia walimu wa binti.

Jana nimepata barua ya binti huyo. Anasema siku ile alishona watu kumi na wanne, hakumbuki tumbo lipi lilikuwa la nani, kwa hiyo hawezi kukataa. Ameniomba nimpigie magoti yule mama kwa niaba yake. Upasuaji anauacha.

Dada, mimi nakumbuka. Alasiri ile nilimwona binti miguu inamtetemeka, nikamwambia akakae, nikashona mwenyewe harakaharaka kwa kuwa foleni ilikuwa bado ndefu. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye fomu. Nilipoondoa nyuzi za yule mama nikayatambua mafundo: yamelalia kushoto, yaleyale uliyokuwa ukinifumulia nilipokuwa najifunza kwako. Nikayatupa, nikanyamaza. Niliogopa kupoteza kazi. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu nimemtwika mwenzangu na bado unanivunja shingo mimi.

Leo nimeandika barua tatu. Ya mganga mkuu nimeiweka mezani kwake, ya binti nimeituma, ndipo nikaanza hii yako. Ningetangulia kukuuliza wewe, ungenihurumia.

Nisalimie shemeji na watoto, mdogo umpakate kwa niaba yangu. Nikifukuzwa nitakuja hapo kwako. Utanipa vifungo tu, nishone polepole.

Ni mimi mdogo wako,
Mashoto