Kibodi Iliyozimika Mbele ya Kwaya

Gisenyi, 4 Juni 2018

Shemeji Gentil,

"Machine inakufa clavier, inakufa souris, hiyo ni maiti. Carte mère imeungua, na mwenye kuichoma ni huyu hapa." Hayo uliyasema Jumamosi, kamati ilipokuita kuikagua mashine, mbele ya kwaya nzima ukininyooshea kidole. Kibodi, mausi na ubao mkuu wa mashine umevitaja kwa Kifaransa, nami nimeyaandika kama yalivyotoka kinywani mwako, maana nitayavunja moja moja.

Lakini adabu kwanza. Hujambo? Dada yangu Verediane mguu wake unaendeleaje tangu aanguke pale Birere? Watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa jina langu, ambalo umeliacha na kidonda. Barua hii namtuma nayo Cansilde, anayevuka mpaka kwenda Goma kila asubuhi na karoti zake. Simu zangu hupokei, na tena maneno ya simu hukosa mwenyewe kesho yake.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nafuta kompyuta ya kwaya na kuiwekea Windows 7 upya, kwa sababu programu ya kurekodia nyimbo zetu haikubali nyingine. Kibodi iliwaka. Kwa kibodi hiyo hiyo niliiamuru mashine isome flash, ikatii. Tangu lini ubao ulioungua ukapokea amri? Ilizimika baadaye, kwenye ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha, na mausi nayo. Mgeni aliyesalimia vizuri mlangoni akanyamaza sebuleni hajafa. Amekuta mwenyeji asiyejua lugha yake. Windows 7 ilitungwa kabla ya matundu haya ya USB ya bluu kuenea, haina madereva, yaani vile vijiprogramu vya kuyaendesha. Na mashine yetu ina ya bluu matupu.

Kwa neno lako nimevuliwa ukatibu. Mwenyekiti wetu, Mama Mukandayisenga, amechukua funguo za chumba cha kwaya kutoka mkononi mwangu, watoto wangu wakitazama. Pole yako siitaki. Nataka useme mbele ya watu walewale kwamba sikuichoma. Usiposema kwa hiari, nitakufanya useme.

Shemeji yako,
Wellars


Goma, 9 Juni 2018

Shemeji Wellars,

Bonjour. Barua imefika, Cansilde ameileta na udongo ya karoti juu yake. Verediane anatembea na fimbo, anakusalimia sana. Watoto wako bien, Mungu iko.

Bon. We ni mutu ya kusoma vitabu mingi, kila mutu anajua, ata mbuzi ya kule Kanama inajua. Lakini machine ya ordinateur haisikie hotuba. Mi niko nauza machine hapa Birere tangu siku mingi. Siku ile nimejaribu clavier tatu, zote kimya. Ulitaka niseme nini? Niseme ni majini?

Kama iko muzima, iwashe. Basi! Uiwashe, mi nitavuka na miguu yangu, nitasema pardon mbele ya kwaya yote. Kama hauwezi, nyamaza, uache watu watafute katibu ya mikono safi.

Salimia bibi na watoto.

Muramu wako,
Gentil


Gisenyi, 15 Juni 2018

Shemeji Gentil,

Hujambo na jamaa wote? Mwambie Verediane asikubali kupanda ngazi kabla mguu haujapona. Huku mvua imekatika, viazi vya Busasamana vinashuka vizuri, na mimi nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Nilimwomba Mama Mukandayisenga mashine. Akasema, "Chukua maiti yako, tunahitaji nafasi." Niliibeba kwa mototaksi nimeikumbatia, na vijana wa njiani, waliokwisha kusikia habari, wakapiga kelele, "Mzee, unazika lini?" Na hao nimewakumbuka sura.

Nikaipeleka flash kwenye kompyuta nzima ya shuleni ninakofundisha. Nikachukua madereva ya USB kutoka kwa watengenezaji wa ubao wenyewe, nikayatia ndani ya flash. Nikarudi nyumbani, nikaichomeka. Ukurasa wa kuchagua lugha ukatokea na mausi ikatembea, Gentil! Taa ya kibodi ikawaka ikabaki inawaka. Nimechagua lugha, nimechagua diski, na sasa ninapoandika mafaili yananakiliwa. Asilimia inapanda mbele ya macho yangu, nami ninaandika kwa furaha mbaya.

Uliahidi kuvuka. Vuka Jumapili baada ya ibada. Kamati nimeialika, kwaya yote nimeialika. Viti nimeazima.

Shemeji yako,
Wellars


Goma, 19 Juni 2018

Shemeji Wellars,

Bonjour. Sisi tuko wazima. Verediane anaumwa mbavu, siyo ya kuanguka, ni ya kucheka. Unisamehe, hapana, usinisamehe.

Nilivuka, ni kweli ao uongo? Nimevaa ata koti. Nikakuta viti, watu, fanta. Ukasimama ukapiga hotuba murefu. Ukatoa kitambaa juu ya machine. Écran inauliza: andika jina ya mwenye kutumia. Ukaweka vidole kwa clavier. Kimya! Taa imezimika! Ukachomoa, ukachomeka hapa, ukachomeka pale, jasho mpaka kwa miwani. Mama Mukandayisenga anasema, "Tuombe jamani, ata Lazaro alikuwa ananuka." Nsengiyumva wa besi amemwaga fanta sababu ya kucheka.

Barua yako ulituma machine haijamaliza. We uko hivyo siku zote: unaimba ushindi mbele ya vita.

Sasa umeua mara mbili. Zika.

Muramu wako,
Gentil


Gisenyi, 1 Julai 2018

Shemeji Gentil,

Natumaini mbavu za dada yangu zimepona. Mke wangu anawasalimu. Mimi sijambo, na leo utaniona jinsi nisivyojambo.

Ndani ya flash ya Windows mna vifurushi viwili. Kimoja ni cha fundi, ndicho kinachoendesha kazi ya kuweka. Cha pili ni cha mwenye nyumba, ndicho kinachobaki ndani ya mashine fundi akishaondoka. Madereva nilikuwa nimempa fundi tu. Alipomaliza, mashine ikajizima na kujiwasha, mwenye nyumba akaamka bila hata dereva mmoja, na kibodi ikanyamaza mbele ya viti vyangu vya kuazima. Sasa nimewapa wote wawili. Nimeiwasha na kuizima mpaka mke wangu akauliza kama umeme tunapewa bure. Kibodi inaandika. Mausi inatembea. Kifaa cha kurekodia, nacho cha USB, kimetambuliwa. Teta, binti yangu, ameimba ubeti mmoja nami nimeuhifadhi.

Lakini sikuandiki kwa ajili hiyo. Nimeongea na Nyirahabimana wa sauti ya kwanza, aliyekuwa amekushikia tochi siku ile. Anasema baada ya kibodi ya tatu uliigeuza mashine, ukainama, ukatafuta kitu nyuma yake. Ukauliza kama kuna tundu la duara, la kibodi za zamani. Hakuna. Ndipo ukainuka na kusema ni maiti.

Anayeamini ubao umeungua hatafuti tundu la duara, Gentil. Hulitafuta anayejua kwamba kibodi ya zamani haipiti kwenye USB, na kwamba ingefanya kazi. Ulijua! Ulijua ugonjwa, ukatangaza kifo.

Kwa nini? Nijibu kwa maandishi kama mwanamume.

Shemeji yako,
Wellars


Goma, 17 Julai 2018

Wellars,

Bonjour. Tuko wazima.

Ndiyo, nilijua. Machine ya ivi nimeona mingi hapa, dawa yake ni ya mchana moja. Nilijua ata sijaigeuza.

Unauliza sababu? Ni gusaba, ile siku ya posa ya Shyaka, mutoto ya kaka yangu. Mi nilikuwa musemaji ya upande yetu, tumekuja kuomba bibi. We ulikuwa musemaji ya upande ya Uwera, bibi-harusi. Muchezo ya wasemaji naijua, unanisumbua kidogo, nakujibu kidogo, tunacheka, mnatupatia mutoto. We ukasema: sema yote na Kinyarwanda safi, bila Kifaransa, bila Kiswahili, ao murudi kwenu. Nikaanza, nikaanguka. Ukasema, "Rudia." Nikaanguka. Ukasema, "Rudia, wageni hawajasikia." Mi nimezaliwa Goma, we unajua. We mwenyewe umetoka Tanzania, Kinyarwanda yako umeitafuta kwa vitabu. Watu walicheka mpaka wanakamata tumbo. Mama yangu alikuwa kiti ya mbele. Aliangalia chini. Njiani ya kurudi alinitangulia, akavuka barrière ya mpaka peke yake.

Donc siku kamati imeniita kuangalia machine yako, nikaona ni Mungu amenialika. Nami nimekufanya urudie mbele ya watu. Umeanguka mara mbili. Inauma, hein?

Pardon sisemi. Wakiniita kesho, nitasema tena imeungua.

Verediane hajui ninaandika hii.

Gentil


Gisenyi, 22 Julai 2018

Kwa wanakwaya wote,

Hamjambo nyote? Walio wagonjwa wapone, waliosafiri wafike salama.

Pamoja na barua hii mtapata nakala ya barua ya Gentil. Someni kwa sauti, bila kuruka mahali. Dada yangu nitamwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na Cansilde.

Gentil anasema nilimfedhehesha. Nilipewa kazi ya msemaji na wazee wa Uwera, na kazi ya msemaji ni kumkaba mwombaji. Nilimkaba. Mwingine angecheka akalipiza palepale kwa ulimi. Yeye alikwenda kuihifadhi hasira yake mpaka akapata mashine ya kanisa ya kuitegea. Sikubaliani naye hata kwa herufi moja, na kuanzia leo salamu zangu kwake zitapitia kwa Verediane. Lakini yeye alikuwa na sababu. Kuna mama aliyeangalia chini, na mwanawe akataka mtu alipe. Sababu hiyo ni mbovu, ila naiona.

Ninyi je? Ninyi sikuwahi kuwakaba. Niliwaandikia barua za mialiko, niliwapangia safari, niliwasimamia kwenye misiba. Mtu mmoja akavuka mpaka, akasema neno moja la Kifaransa, mkamwamini. Hakuna aliyeuliza, "Mbona kibodi iliwaka kwanza?" Mlikuwa wengi kwenye chumba kile.

Mashine iko mezani kwangu, inafanya kazi, na haitatoka. Mama Mukandayisenga, wewe; Nsengiyumva wa besi, wewe; nawe Nyirahabimana, uliyeshika tochi ukaona na kunyamaza mpaka nilipokuuliza: njooni Jumamosi, mchana, kwa mlango wa mbele, majirani wawaone. Mkae mbele ya kibodi, muandike kwa vidole vyenu wenyewe kwamba mashine ilikuwa nzima na Wellars hakuichoma, mtie majina yenu, kisha Jumapili mkayasome kanisani. Gentil msimlete. Kwake sitaki kitu tena. Nawataka ninyi.

Katibu wenu,
Wellars