Mwenye Nyumba na Mshika Funguo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi mmeamka salama huko, na watoto kifua kimewaachia. Sisi tupo. Mama anaendelea vizuri. Uvimbe wa mguu umepungua na ulimi umerudia makali yake, kwa hiyo ujue amepona. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, nami nikikatizwa husema "sawa, kaka" hata kama si sawa.

Nyumba yako imesimama na vyumba vyote vina watu. Paa lililokuwa likivuja upande wa jikoni nililiziba mwenyewe, na unakumbuka ndipo nilipoanguka nikavunjika mkono. Ulinitumia pole. Choo cha uani kikiziba, ni mimi ninayekunja sketi. Wapangaji wakigombania maji, hakimu ni mimi. Niliacha kazi ya saluni kwa kuwa uliniomba nikushikie kwa muda tu, mpaka nyumba ikae sawa. Imekaa, kaka. Nilipokuuliza habari ya malipo, uliniambia ndugu halipwi mshahara, na kwamba pesa iliyojenga ni yako. Ni kweli ni yako. Sijawahi kusema vinginevyo.

Sasa nikueleze ya Jumamosi. Nilikuwa nazibua mtaro alipoingia yule dalali uliyemtuma, anayeitwa Tai. Wengine wanasema ni kwa ajili ya tai anayoifunga shingoni hata jua likiwa kali, wengine wanasema ni yule ndege. Alikuja na fundi wa kufuli na wabebaji wawili, hakunisalimu, akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, yule mwenye mtoto mchanga, akaamuru kitasa king'olewe kwa kuwa kodi imechelewa. Nilimwambia nimempa muda, maana kabla ya kujifungua hakuwahi kuchelewa hata mara moja. Akacheka, akasema muda hautolewi na mfagiaji.

Wapangaji wakatoka wote, na walidhani ni mimi niliyemwita. Muuguzi wa chumba cha mwisho, ambaye humpima mama presha bure, aliniambia usoni kwamba nimewauza. Mwingine akaokota kipande cha nondo. Wabebaji nao wakakunja mikono ya mashati. Nikaenda nikakaa kizingitini kwa fundi cherehani, mgongo mlangoni, mtoto akilia nyuma yangu, nikasema anayetaka kupita aanze na mimi.

Hapo Tai akainama, akanionyesha ujumbe wako kwenye simu yake. Kila mpangaji mpya atakayemleta, kodi ya mwezi mzima ni yake. Na kila mwezi, sehemu ya kumi ya kodi zote. Kisha akaniuliza kwa upole, upole uliouma kuliko kelele: "Na wewe, dada, umeandikwa wapi hapa?"

Waliondoka kwa sababu fundi wa kufuli aligoma. Alisema yeye ana mama, hang'oi kitasa mtoto mchanga akiwa ndani. Mimi hakuna aliyenisikiliza.

Nilipomsimulia mama, alisema undugu ni kufaana, na kwamba kati yetu wawili kuna mmoja aliyemzaa bila masikio, ila hamtaji.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mama mjane mwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara aliyaona yote kutoka dirishani. Aliniita, akaniuliza unanilipa nini. Niliona aibu kwa niaba yako, nikamwambia kwamba unanijali sana. Kisha akanipa kazi ya kusimamia nyumba yake, kwa sehemu ileile unayompa Tai, na mkataba wenye jina langu.

Kaka, nimetia saini. Naanza mwezi ujao. Fundi cherehani na muuguzi wameomba vyumba kulekule. Sikuwashawishi, wala sikuwazuia. Funguo zako zote ziko kwa mama. Usimtume Tai kuzichukua. Njoo mwenyewe.

Siitaki nyumba yako, wala sikuombei mabaya. Miaka yote hii nilikutetea moyoni, nikisema hajui, yuko mbali, hajui kazi hii ina thamani gani. Kumbe bei yake ulikuwa nayo, ukampa mtu mwingine.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama anakusalimu, anasema simu yake iko wazi, ila usipige ukiwa na hasira. Mimi yangu nitaipokea hata ukiwa na hasira hiyo.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwachia ziwa.