Mkwe Amefika Mara Mbili

Kimuli, 9 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Nyaishozi? Mgongo unaendeleaje, na kahawa imeanza kuiva? Mimi huku sijambo kabisa, nakula vizuri. Tangu simu yako ilipotumbukia kwenye sufuria ya maharage tumerudi zama za barua, basi hii nampa Eliud wa bodaboda, na jibu umpe yeye.

Filamu inakwenda vizuri. Ni kichekesho, jina lake Mkwe Amefika Mara Mbili. Kuna mapacha waliotenganishwa wakiwa wachanga, mmoja akalelewa na tajiri wa kahawa, mwingine na mpika rubisi, ile pombe ya ndizi. Siku yule wa tajiri anakwenda kujitambulisha ukweni, huyu wa rubisi anapita pale kuuliza njia tu, anakaribishwa kwa heshima zote, anakula kuku mzima. Mchumba mwenyewe akifika anafukuzwa kama mwizi. Mapacha wote wawili naigiza mimi. Elpidius, kiongozi wetu, ananirekodi upande huu, nabadilisha nguo, ananirekodi upande ule, halafu anatuunganisha kwenye kompyuta.

Sasa sikia kilichonipata jana. Tulikuwa gulioni Kibingo, nimevaa suti ya tajiri. Mama mmoja mtu mzima akanikamata kola.

"Niyitegeka! Suti umeitoa wapi? Na mbuzi umemwachia nani?"

"Shikamoo mama, mimi siitwi hivyo."

"Yaani tai tu imekusahaulisha mama yako?"

Elpidius alidhani mama wa watu kaamua kutusaidia kuigiza, akaendelea kurekodi huku anacheka. Nikakokotwa hadi kwenye mbuzi. Na pale kwenye mbuzi, mama, nilijikuta mwenyewe, nimekaa juu ya ndoo natafuna muwa.

Sura yangu. Masikio yangu haya. Hata mwanya wa meno ni huu huu. Muwa ukamdondoka, na yule mama akaachia kola yangu akakaa chini kwenye vumbi.

Naye alizaliwa kambini, mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka, kama mimi. Mama yake alifariki akijifungua, akalelewa na dada wa marehemu, ndiye huyo mama, anaitwa Nyirabageni. Alipofika kambini kumtafuta mdogo wake aliambiwa watoto walikuwa wawili na mmoja hakuishi. Wewe hujanificha hata siku moja kwamba ulinichukua kwenye hema la wagonjwa ukiambiwa sina mtu duniani. Mama, nadhani mtu ninaye. Toka jana nacheka peke yangu kama kichaa.

Niandikie upesi.

Mwanao,
Ainebyona


Kimuli, 23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Eliud anasema barua ulipokea, ukaisoma umesimama mlangoni, ukamwambia hakuna jibu. Nimekaa wiki mbili nikisikiliza kila pikipiki inayopita.

Labda nikuchekeshe kidogo. Elpidius kampa Niyitegeka sehemu ya yule pacha wa rubisi, ili tusihangaike na kompyuta. Hajui kuigiza hata chembe. Akiambiwa akasirike anacheka, akiambiwa acheke anaitazama kamera kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kuku wa ukweni tumepika mara tatu, maana kila tukirudia keshamla kweli.

Na tunagombana. Kila mmoja anataka kuwa Ishengoma, pacha mkubwa. Hakuna anayetaka kuitwa Kato, yule mdogo.

Mama Nyirabageni anaomba kukuona. Nimemwambia nitakuuliza kwanza. Kama kuna mahali nimekukosea, niambie, usinyamaze.

Mwanao,
Ainebyona


Nyaishozi, 30 Juni 2024

Mwanangu Ainebyona,

Marahaba, marahaba tena. Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Kahawa imeiva na mvua imetuachia, tunaanika.

Hujanikosea. Niliogopa tu, waitu. Siku ile nilikuwa nimetoka kumzika mtoto wangu, maziwa yananilowesha gauni. Nilipeleka ndizi kuuza kambini, nikamkuta nesi amekubeba, huna hata nguvu ya kulia. Nikakuweka kifuani pale pale. Zile ndizi mpaka leo sijui nani alizila. Sasa barua yako inaniambia mwenye damu amepatikana. Nikajiuliza, sasa mwenye maziwa atakaa wapi?

Stephania jirani yangu akanikuta jikoni nalia. Nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanao ana miaka mingapi?" Nikasema thelathini. "Ana ndevu?" Nikasema anazo. "Basi wewe unalia mtu mwenye ndevu ataibiwa?" Nikacheka mpaka ugali ukaungua.

Nakuja Jumamosi, Eliud atanileta. Na msiniletee michezo yenu ya filamu. Mwanangu nitamjua hata mkijifunika magunia.

Mama yako,
Kokushubira


Kimuli, 8 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Ulifika salama? Pikipiki haikukuumiza mgongo? Hapa Kimuli hakuna anayezungumza habari nyingine. Ulikuwepo, najua, lakini acha niandike, maana nikikumbuka nacheka upya.

Ulivyoshuka tu ukamrukia Niyitegeka! Ukamkumbatia, ukamgombeza kwa kukonda, ukamfuta uso kwa kitenge chako, nami nimesimama nyuma yako nasema, "Mama, niko huku," hata hunisikii. Kabla sijakugusa bega, mama Nyirabageni akatoka ndani akanipa ndoo: "Niyitegeka, kalete maji upesi, mgeni anakaribia." Elpidius alishika kichwa kwa sababu kamera ilikuwa haina chaji.

Jioni nilimuuliza Niyitegeka kwa nini hakukwambia kwamba si yeye. Akasema, "Nilitaka. Ila alikuwa ameshaanza kunibariki, ningemkatizaje?"

Lakini mama Nyirabageni akapiga magoti mbele yako. "Dada," akasema, "mtoto huyu nilimlilia kama maiti, kumbe wewe unamnyonyesha. Nina nini cha kukudai? Nimekuja kushukuru." Nawe ukapiga magoti mbele yake. Mkashikana pale chini mnalia, halafu mnacheka, halafu migongo ikawagomea wote wawili kuinuka. Mimi nikamnyanyua yeye, Niyitegeka akakunyanyua wewe.

Kesi yetu nayo imekwisha. Mama Nyirabageni anasema kambini aliambiwa Niyitegeka ndiye aliyetangulia kutoka. Mimi ni Kato. Tangu asubuhi ananituma maji ya kunawa kama bwana mkubwa.

Na sasa nalijua jina lake aliyetuzaa. Uwamahoro. Mama Nyirabageni anasema alikuwa akicheka anakosa pumzi, anajipiga mapajani, na kwamba sisi wote wawili tunacheka hivyo hivyo. Nimelitamka jina hilo shambani peke yangu, kwa sauti, ili nilisikie.

Filamu tutaionyesha hapa mwezi wa nane. Kiti chako cha mbele.

Mwanao,
Ainebyona, yaani Kato


Nyaishozi, 15 Julai 2024

Wanangu wawili,

Marahaba kwenu nyote. Mimi sijambo, nilifika salama. Msalimieni sana dada yangu Nyirabageni, mwambieni miche ya kahawa aliyonipa imeshika.

Jana kanisani, wakati wa shukrani, nilisimama. Mnajua mimi sipendi kusema mbele za watu. Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama mmoja aitwaye Uwamahoro. Alizaa watoto wawili kambini akafa bila kuwaona wakitembea. Nimekuja kumwambia kwamba wanatembea. Wanatembea, wanakula kuku za watu, na wanacheka."

Stephania akapiga kigelegele, akaita, "Nyinabarongo!" Kwetu ndilo jina la heshima la mama wa mapacha, nami sikuwahi kuota kwamba nitaitwa. Wanawake wakalipokea, likanifuata mpaka nje, likanifuata njiani, watoto wakaliimba mpaka mlangoni kwangu. Sikukataa. Mwambieni dada yangu na yeye aitwe hivyo huko, na jina la Uwamahoro tulitangulize, tuwe watatu.

Kahawa bado nyingi mtini. Njooni wote wawili tuchume, nimewatandikia kile chumba cha nyuma. Niyitegeka, mimi bado naona umekonda.

Mama yenu,
Nyinabarongo