Nililegeza breki ili waje nyumbani kwangu

Mama Mukarugwiza mpendwa, naomba msaada wako, na naomba pia unifichie jina na uyabadilishe ya wenzangu, kwa maana Gisenyi ni mji mdogo na wanaosoma ukurasa wako ndio haohao ninaosalimiana nao kanisani, ila jambo hili nikiendelea kulimeza litanikaba.

Mimi ni mzee wa hapa mtaani Nengo, nilikulia Ngara, Tanzania, tuliporudi nyumbani Rwanda nikaingia polisi nikawa askari wa barabarani hadi kustaafu. Binti yetu alipojifungua Kigali mke wangu alikwenda kumsaidia, akasema ni mwezi mmoja tu, lakini mwezi ukazaa mwezi, mtoto sasa anakimbia na mwingine yuko njiani, na mimi niko peke yangu katika nyumba tuliyoijenga tukitegemea itajaa watu. Kila jioni ananipigia kuniuliza kama nimekula, namjibu nimekula, na wageni wamejaa sebuleni, usijali, halafu simu ikikatika nawasha redio nisisikie ukimya.

Nilijiunga na kikundi cha wapanda baiskeli, watu wa rika zote, tulikuwa tunakwenda Rugerero na kurudi, siku nyingine tunashuka mpaka Rubona. Goti langu likakataa milima, baiskeli ikabaki ya kunifikisha sokoni tu, wao wakaendelea kwenda na mimi nikabaki nao kwenye simu tu. Lakini kikundi chetu kina desturi nzuri sana, mwenye tatizo anauliza na wote wanajibu. Mnyororo ukiruka unaelekezwa, breki ikipiga kelele unaambiwa ipige msasa, na si baiskeli peke yake, maana mwenye spana haogopi nyumba. Bomba la jikoni likidondosha maji unaambiwa kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi kuukuu ukitie mahali pa kile kilicholika, skrubu ya mlango ikikosa kushika unaambiwa jaza tundu kwa njiti za kibiriti na gundi. Ukishindwa kabisa, wanakuja wenyewe Jumapili baada ya ibada na sanduku la vifaa la kikundi, na kazi ya mwenye nyumba ni kutengeneza chai na kukaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Mara ya kwanza bomba langu lilivuja kweli, sikudanganya. Walikuja, mmoja kaingia chini ya sinki, mwingine kakalia ndoo anamcheka, Umuhire, mwenye duka la vitambaa ambaye ndiye kiongozi wetu, akapekua kabati langu kutafuta sukari kama yuko kwake, na nilipobaki peke yangu niliosha vikombe polepole kwa sababu sikutaka vikombe viishe. Wiki iliyofuata hakuna kitu kilichovuja, na iliyofuata pia. Basi nikachukua bisibisi nikafungua skrubu za mlango wa choo changu mwenyewe.

Cheka tu, Mama, hata mimi ningecheka. Baada ya mlango nikaulegeza mfereji wa bati wa paa ukaning'inia upande mmoja, baadaye nikapinda spoku za gurudumu, na shida ikawa kwamba watu siku hizi wanajibu kwa video, unauliza, kabla hujavaa miwani umeshatumiwa mkono wa mtu unaokuonyesha kaza hapa legeza pale, unaandika asante na mazungumzo yamekwisha. Nikawa hodari wa kuharibu vitu visivyotengenezeka kwa simu.

Sasa nifike kwa Shyaka. Shyaka ni mtu mzima mwenye watoto, alirudi na wazazi wake kutoka Congo, ana kibanda karibu na soko anatengeneza baiskeli za wabeba mizigo, na katika kikundi yeye ndiye tunayemwamini kuliko wote. Waya za breki zangu zilikuwa zimechakaa kweli, akaja Jumapili akafunga mpya mbele na nyuma, akanawa mikono, akanipiga begani akasema, "Muzee, sasa iko muzuri kabisa. Utamaliza mwaka bila kuniita." Alisema kwa furaha, Mama, alidhani ananipa habari njema. Nilimsindikiza hadi getini, nikarudi nikaketi, na neno hilo la mwaka likanikalia kifuani wiki nzima, hata Ijumaa jioni nikachukua spana nikalegeza nati zinazobana waya wa breki, ya nyuma na ya mbele pia, kwa sababu moja peke yake wangenitumia video. Nililegeza kidogo tu, ukibonyeza breki baiskeli ikiwa imesimama unaona inashika vizuri. Nilipanga kuwaandikia Jumamosi jioni kwamba breki hazinipi raha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naoga nikamsikia Shyaka uani, baiskeli yake iko kwa mchomeleaji, anaita, "Muzee, nachukua velo yako, nafika Rubona nakuja!" Hakuwa akiomba, mimi mwenyewe nilikuwa nimemzoesha kuichukua bila kuomba. Nilitoka na taulo na povu la sabuni usoni, nikamwita, geti likawa limeshafungwa, nikampigia simu ikalia ndani ya koti lake aliloliacha juu ya kiti changu cha uani. Nilivaa nilichokishika nikasimamisha pikipiki, nikamwambia dereva kimbia, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu mteremko usimpate.

Ulimpata. Nilimkuta amekalishwa kando ya barabara akiwa ameshika bega, mfupa wa mtulinga umevunjika na uso umechubuka, alikuwa amemkwepa mama mwenye mzigo akaenda kugonga ukingo. "Frein zimeniacha, Muzee," akaniambia, frein kwao ndiyo breki. Umuhire aliyekuwa anatoka Rubona alikuwa ameshafika, akainama akaigusa baiskeli, akasema, "Shyaka, hizi nati hazikukazwa. Zote mbili." Watu wote wakamtazama Shyaka na Shyaka akatazama mikono yake, akasema, "Bon. Basi ni mi. Ni mi niliyefunga." Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwake, nikamwacha ajitwike.

Lakini hilo si baya zaidi. Alipotoka hospitali alikuja kwangu, mkono umefungwa kwenye kitambaa, amevaa shati la kanisani, akakataa kukaa. "Nimekuja kuomba pardon, Muzee. Kama ni we ulipandaka ile velo, sasa tungekuwa tunakuzika. Mukono yangu ndiyo ingekuua." Akawa analia, na mimi nikamwambia, Mama, nikamwambia nimekusamehe.

Tangu siku hiyo nyumba yangu haikauki watu. Wanakuja kunipa pole kwa kuponea chupuchupu, wanaleta ndizi, wanaleta maziwa, wanakaa. Shyaka naye hajibu tena swali lolote kwenye kikundi, wabeba mizigo wanapitiliza kibanda chake, na amemwambia Umuhire kwamba mkono ukipona atatafuta kazi ya kupakia mizigo bandarini, kwa sababu akikaza kitu moyo wake hauamini tena kwamba kimekazwa. Na Jumapili hii wanakutana kwangu, wameamua sanduku la vifaa litoke kwa Shyaka likae kwangu, mimi ndiye mtu mzima, mimi niko nyumbani siku zote, na kila mwenye shida atakuwa anakuja hapa. Nimekipata nilichokuwa nakitafuta na silali. Nikisema ukweli watanikimbia wote, nitarudi kwenye redio yangu, na katika umri huu sijui kama nitauweza tena ukimya ule. Je, siwezi kunyamaza nikamfidia Shyaka kwa wema, nikawasaidia watoto wake, nikamwombea wateja, mpaka yapite? Nishauri, Mama, mimi nimekwama.

Mzee wa Nengo

Mama Mukarugwiza anajibu:

Mzee wangu, mlango wa choo nimeucheka, siwezi kukuficha. Nilipofika kwenye vikombe nikaacha kucheka. Upweke si kosa, na mtu mzima kutamani kelele za watu jikoni kwake si aibu. Barua kama yako ninazipokea nyingi kutoka kwa watu wenye nyumba nzuri na mageti yaliyopakwa rangi. Kwa hiyo pole, na pole hiyo ni ya kweli.

Sasa nikuseme. Wewe ulikuwa askari wa barabarani. Ungemkamata dereva aliyelegeza breki za gari kwa mikono yake akaliacha uani, funguo ndani yake, ungemwambia "yatapita"? Ungempeleka kituoni anakokota miguu. Na hata hivyo kulegeza nati nakuhesabia ujinga wa mtu aliyekaa peke yake mno. Kusimama hatua moja kutoka kwa Shyaka ukanyamaza nakuhesabia woga. Lakini kumsamehe! Mtu amekuja na mfupa uliovunjika kwa sababu yako, analia, anaomba msamaha wa kosa lako, nawe unampa kama mfalme anayetoa zawadi! Msamaha ule haukuwa wako kuutoa. Urudishe.

Unaniuliza kama unaweza kumfidia kwa wema kimyakimya. Huwezi. Ukimpa watoto wake viatu, ataona mzee ambaye yeye alikaribia kumuua anamtendea mema, na atajichukia zaidi. Kila ukarimu wako utakuwa msumari mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa maradhi ni yako ila anayekufa ni mwenzako.

Jibu hili nakutumia wewe kwanza, ukurasani litatoka ukishasema. Usingoje Jumapili. Nenda kwa Shyaka leo, kwa miguu, na goti likiuma liume. Usibebe kitu, zawadi kabla ya ungamo ni hongo, na hilo wewe unalijua kuliko mimi. Usimpigie simu wala usimtumie sauti ya WhatsApp. Ukifika usianze na mke wako aliye Kigali, usianze na redio, usianze na jinsi ulivyoteseka. Neno la kwanza liwe: nati nililegeza mimi, kazi yako ilikuwa safi. Mengine aulize mwenyewe akitaka. Na usilie, tafadhali, maana ni mwungwana yule, ataanza kukubembeleza wewe. Akikufukuza, ondoka. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize.

Jumapili wakija, sema mbele ya wote kabla chai haijamiminwa, ili anayetaka kuondoka asiwe na kikombe chako mkononi. Sanduku likabidhiwe Shyaka palepale, awepo au apelekewe na Umuhire. Jumatatu nenda sokoni uwaambie wabeba mizigo kwa mdomo wako, mmojammoja, kama ulivyokuwa unasimamisha magari. Ndiyo, watakutazama. Na mpaka mkono wake upone, mwombe akuruhusu ukae kibandani kwake uwe mkono wake, yeye aseme wewe ukaze. Akikataa usilazimishe, wala usiende kukaa hapo ili watu waone unavyojuta.

Mke wako je? Huyo naye umemdanganya kila jioni. Unamwambia wageni wamejaa halafu unashangaa kwa nini harudi! Atarudije kwa mtu asiyemhitaji? Leo akikuuliza kama umekula, mwambie umekula peke yako na umechoka kula peke yako. Ni mkeo, si mkuu wako wa kituo.

Usiniulize kama kikundi kitakusamehe, sijui. Huenda wakakaa muda mrefu bila kubisha hodi, na utauma huo ukimya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu mara hii utakuwa unajua umeutoa wapi. Usivunje kitu. Toa kiti, kaa mbele ya geti lako, anayepita msalimie wewe kwanza, na ukimtaka mtu aje kunywa chai mwambie njoo tunywe chai. Watu wa Gisenyi hawahitaji bomba livuje ndipo waingie kwako, hukuwahi kuwajaribu tu.

Vaa viatu sasa. Kuna baba mmoja karibu na soko anayeamka kila asubuhi akitazama mikono yake na kuiogopa, na katika dunia nzima ni wewe peke yako unayeweza kumwambia kwamba haina kosa.