Maneno Yenye Mwisho

Mlali,
12 Aprili 2025

Kaka yangu Halidi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Wifi na watoto hapo Mikese hawajambo? Sisi ni wazima, ila mvua haitupi hata nafasi ya kuanika nguo.

Nina habari njema, nataka uisikie kwangu kwanza. Darasa langu la Kiingereza, kidato cha kwanza, lina wanafunzi sabini na mmoja chini ya paa la bati. Mvua ikishuka kutoka mlimani, walio nyuma huona midomo yangu tu. Huko nyuma hukaa Mosi, binti wa wakulima wa ndizi wa huko juu. Kila imla alikata maneno: nikisema "played", anaandika "play". Mkuu wetu, Mwalimu Ezekiel, akaanza kusema binti huyo hana kichwa cha lugha, heri arudi kwao.

Nikaenda mjini kwa Nilesh, fundi redio, nikamweleza. Akanipa spika mbili alizozifufua na kipaza sauti kidogo cha kuvaa shingoni, akaja mwenyewe kuzifunga. Mwalimu Ezekiel akauliza kama tunafungua ukumbi wa harusi.

Siku ya kwanza sikupiga kelele hata kidogo. Nilizungumza kama ninavyozungumza nawe, bati likilia juu yetu. Kipindi kilipokwisha Mosi alinifuata mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "leo maneno yalikuwa na mwisho."

Wiki iliyopita ukaja mtihani wa imla. Mtihani uliotangulia, kabla ya spika, walifaulu kumi na tisa. Safari hii hamsini na wanane, na wa kwanza ni Mosi! Mwalimu Ezekiel alimwita mbele ya shule nzima, akaanzisha makofi yeye mwenyewe. Sasa anataka spika madarasa yote.

Kaka, furaha hii imenifungua mdomo. Mwaka ule tuliposoma darasa moja na walimu wakasema huwezi, baba aliniuliza faraghani kama ni kweli. Nikajibu ni kweli. Nilikuwa nakaa mbele. Nilikuona kule nyuma ukigeuza kichwa kutafuta sauti ya mwalimu, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka msomi wa nyumba niwe mimi. Ukatolewa shule kwa neno langu. Nisamehe.

Juni tunaanza darasa la watu wazima, jioni, chumba hikihiki. Jina la kwanza kwenye orodha nimeandika lako; Mikese ni mbali, siku za darasa utalala kwangu. Kulifuta ni juu yako.

Wasalimie wote, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanvita