Usilale Sebuleni, Mdogo Wangu

Kibanda cha fundi viatu,
Nyuma ya soko.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima, na kiwandani bado wanakupa zamu za mchana. Mgongo je? Mara ya mwisho ulikuwa ukiulalamikia kama babu, na mkubwa ni mimi.

Sisi hatujambo. Mwanao mkubwa wa huku kwangu ameajiriwa kwenye duka la mikate, anarudi na harufu tamu ambayo mimi naruhusiwa kuinusa tu. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo nabandika soli kutwa.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Shemeji amezungumza na mke wangu, akalia. Anasema umeacha vidonge vya kisukari miezi minne sasa, umehamia sebuleni na mto wako, na anaamini una mwanamke mwingine. Anafikiria kurudi kwao. Usimkasirikie, alikosa wa kumwambia. Habari ya mwanamke mimi sikuiamini. Nilijua mara moja ni nini, maana yameshanikuta. Kwenye simu ungenikatia, ndiyo maana naandika.

Miaka miwili iliyopita mambo yangu ya chumbani yaligoma. Nakuambia waziwazi, sisi ni watu wazima. Kwanza nilisingizia uchovu, halafu joto, halafu kelele za kitanda. Kitanda nikakikaza misumari, kikanyamaza, na mimi nikabaki vilevile. Ndipo dereva mmoja wa lori, mteja wangu, akaniapia kwamba vidonge vya sukari ndivyo vinavyommaliza mwanamume. Mtu kaja kubandikiwa soli, nami nikamfanya daktari.

Nikawa nameza vidonge siku mbili tu kabla ya kliniki. Siku hizo nilikuwa mtu mwema kupindukia: mboga, maji, dawa kwa saa yake. Muuguzi akinitoboa kidole namba inatoka nzuri, anaiandika kwenye daftari langu na kunisifu. Natoka pale kichwa kimevimba. Nikirudi nyumbani, chai yangu vijiko vinne. Katikati nilinunua na kichupa cha dawa ya nguvu kwa mchuuzi, nacho kilinifanya moyo uende mbio na jasho linitoke, basi.

Safari moja daktari akaagiza nitolewe damu ya mshipani, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kama mitatu nyuma. Majibu yalipotoka aliyaweka mezani kando ya daftari langu.

“Mzee, kati ya hawa wawili, mgonjwa wangu ni yupi?”

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamweleza yote, hata ya chumbani, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Cha kushoto kilihitaji kisigino.

Hakunicheka. Alisema sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na wanaume wengi huanza kuiona hasara chumbani. Vile vidonge nilivyovikimbia ndivyo vilivyokuwa vinanikinga. Akanibadilishia dawa moja ya presha, maana presha nayo ninayo na baadhi ya dawa zake huchangia, akaupima moyo wangu kabla ya kuniandikia dawa ya kunisaidia, na kile kichupa akaniamuru nikitupe. Kisha akasema nije na mke wangu. Hilo lilinitisha kuliko sindano.

Nilipomweleza, mke wangu akasema, “Mwaka mzima nilikuwa nanusa mashati yako.” Hapo nililia, sikufichi.

Leo ni mwezi wa nane tangu siku ile. Sukari imeshuka. Mambo hayajarudi kama ya kijana, lakini yamerudi kwa kiasi chake, na siku yakigoma tunazungumza na kulala. Daktari alinieleza kwamba si wote hurudi sawa, ila msaada upo wa aina nyingi.

Kwa hiyo nenda kliniki wiki hii. Usianze tena vidonge kwa kukisia, waambie umeacha lini na kwa nini. Usijitengeneze kabla ya kwenda. Nenda na shemeji, umruhusu aulize anachotaka.

Shangazi anakusalimu, na watoto wako wa huku wote. Msalimie jirani yako seremala, na wanangu wabusu.

Kuna jambo nilitaka kuliacha, nimeshindwa. Unakumbuka tulipokuwa wadogo baba alihamia chumba cha mbele, tukaambiwa anakoroma? Baba alikuwa na sukari. Wiki za mwisho za mama nilimuuguza mimi, na siku moja aliniuliza kama ninalijua jina la yule mwanamke. Hakukuwa na mwanamke, mdogo wangu. Wakati ule sikujua, nikanyamaza, naye akafa akiamini yupo.

Mungu akulinde wewe na mwenzako, awape maneno ya kuambiana.

Kaka yako akupendaye,
Fundi viatu