Simu ya Mama Majaliwa

Rukaya, acha tu. Nimetoka darasani sasa hivi.

Majaliwa alikuwa anaonyesha tovuti aliyomtengenezea mama yake, ile ya kuuzia mikeka. Mwalimu akaifungua kwenye simu yake, maana siku hizi wateja wote wako kwenye simu, akabonyeza kitufe cha kupiga.

Simu ikalia ndani ya begi la Majaliwa!

Unaijua sheria yetu: simu ikilia darasani, mwenyewe anacheza mbele. Tukagonga meza, "Acheze! Acheze!" Mimi ndiye niliyeanza, Rukaya. Mimi!

Akaitoa taratibu. Ni ya mama yake, yule tuliyemzika Mapinga mwezi uliopita. Mwalimu akataka kukata.

"Usikate, mwalimu," akasema. "Iache ilie kidogo. Tangu aondoke hakuna aliyempigia."